Mnara wa Ng'ambo

"Uko wapi, Nuala?"

"Niko jikoni."

"Jikoni, nchi gani?"

Nuala McGovern alilitazama jiko la kuni, akaitazama birika iliyoanza kuchemka, kisha akamtazama baba yake, mzee Packie, ambaye alikuwa mezani anamenya yai kwa utaratibu kama mtu asiye na haraka na maisha. Alidhani Orla anatania. Lakini Orla alikuwa msimamizi wake wa kazi, anakaa Dublin, na tangu wafahamiane hakuwahi kutania hata kwa bahati mbaya.

"Jikoni kwetu, Drumkeel. Hapa hapa nilipo kila siku. Kwani vipi? Kompyuta imenitoa katikati ya simu, nilikuwa na mama mmoja wa watu anataka miadi ya macho."

"Sisi ndio tumekutoa. Mashine zetu zinasema uko ng'ambo ya mpaka. Na zinasema umekuwa ng'ambo tangu siku ya kwanza tuliyokuajiri."

Nuala akacheka. Na sisi tunaokaa huku tungecheka vilevile, maana swali la nchi gani huulizwa na watu wa mbali. Dirisha la jikoni kwa akina McGovern linatazama ziwa. Upande wa pili wa ziwa ni Kaskazini, nchi nyingine, yenye pauni zake na mfalme wake, na juu ya kilima chake umesimama mnara wa simu unaoonekana mpaka rangi. Mnara wa kwetu, wa huku kwenye Jamhuri, umejificha nyuma ya mlima kama mtu mwenye deni. Ndiyo maana kila nyumba huku ina laini mbili za simu na makopo mawili ya chenji, la yuro na la pauni, na hakuna anayeona ajabu. Nuala alipopata kazi ya kufanyia nyumbani, ya kupokea simu za wagonjwa kwa kompyuta, alifanya kama ambavyo ningefanya mimi: alivuka daraja, akaenda Enniskillen, mji wa huko Kaskazini, akanunua mifai, kile kidude cha kukamata mtandao wa simu na kuumwaga ndani ya nyumba, akakiweka dirishani kikatazamana na mnara wa ng'ambo. Taa zote kijani. Akamshukuru Mungu, akaanza kazi.

"Orla, dada yangu, hilo ni ziwa tu. Ng'ombe wa baba walikuwa wanavuka kwenda kula majani huko na kurudi jioni."

"Ng'ombe hawabebi taarifa za wagonjwa," alisema Orla. "Wewe unabeba. Mkataba unasema taarifa hizo zisitoke nje ya Umoja wa Ulaya, na hao jirani zako walishajitoa. Kila jina uliloandika limepita kwenye mnara wa nchi nyingine. Unajua wakubwa wamenifanyaje leo asubuhi?"

Nuala hakujua, na kwa kweli hakutaka kujua. Aliihamishia simu ya mezani sikio la pili.

"Nimekupigania," Orla aliendelea, sauti ikalegea kidogo. "Jumatatu watakupa siku ya majaribio. Ukae hewani kutwa nzima kutokea upande wa huku, kwa laini ya huku. Simu ikikatika mara moja tutasema ni bahati mbaya. Ya pili, basi. Sina la kufanya."

"Na leo ni Jumatano."

"Leo ni Jumatano, ndiyo."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Orla alikata simu akaenda kunywa kahawa yake, na Nuala akabaki amesimama. Kazi ile haikuwa kazi tu. Packie alikuwa amefikia mahali pa kusahau kama amekula, pa kutoka na soksi kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Hawezi kuachwa peke yake. Kazi ya nyumbani ikipotea, Nuala atalazimika kwenda mjini kukata nyama kiwandani kama wenzake, na Packie atakwenda kwenye nyumba ya wazee, ambako Fintan, kaka yake Nuala, alishaliandikisha jina la mzee bila kumuuliza mtu. Njia ya tatu haikuwepo.

"Nani huyo?" Packie aliuliza, yai mkononi.

"Kazini, Baba."

"Anataka nini?"

"Anataka kujua tuko nchi gani."

Packie alifikiri sana. "Usimwambie," alisema.

* * *

Alianza na jambo rahisi. Alitoa laini ya ng'ambo kwenye mifai, akachomeka laini ya huku, ile ya simu yake. Kidude kikawaza, kikawasha taa nyekundu, kikaandika kwamba laini hii haikubaliki. Akaitoa, akaifuta kwa aproni, akairudisha. Haikubaliki. Akageuza kidude kichwa chini. Haikubaliki.

Akapiga simu kwa wenye kidude. Muziki ukapigwa mpaka chai yake ikapoa na kutanda utando, ndipo akaja bwana mmoja mwenye sauti tamu kuliko asali.

"Kifaa chako kimefungwa kwenye mtandao wetu, mama. Hakiwezi kutumia laini ya kampuni nyingine."

"Lakini nilikilipia. Ni changu."

"Ni chako kabisa. Ila kimefungwa."

"Basi kifungueni."

"Hakuna shida hata kidogo! Ninaongea na mwenye akaunti, Bi. Ita Maguire?"

Nuala alifumba macho. Ita ni binamu yake wa ng'ambo. Duka lilitaka anwani ya huko, na Ita akatoa yake, kama tunavyopeana sukari. "Ita yuko kazini. Mimi ni binamu yake."

"Tutahitaji kuongea na Bi. Ita. Akishathibitisha, kufungua huchukua siku kumi za kazi."

"Mimi nina mpaka Jumatatu."

"Naelewa kabisa unavyojisikia."

"Huelewi!" alisema Nuala, kwa ukali uliomfanya Packie ainue kichwa. "Ungeelewa ungekifungua."

Bwana yule akamtakia siku njema. Kila kidude na bwana wake, kama mbwa. Ukikilisha wewe, ukakilaza ndani wewe, bado bwana wake akipiga mluzi huko mjini kinamsikiliza yeye. Nuala alikuwa na kifaa kizima mkononi, na laini nzima mkononi, na viwili hivyo vilikataa kusalimiana.

Intaneti ya waya haikuwapo. Simu ya mezani ilikwaruza tu kama kuku kwenye majani makavu. Waya wa kisasa ulishafika mpaka nguzo ya kona, pale njia ya kwao inapoachana na barabara, ukakunjwa, ukaning'inizwa juu, na mafundi wakaondoka wakisema watarudi. Huu mwaka wa tatu. Nuala akipita pale na gari huangalia upande mwingine ili asitukane mbele ya baba yake.

* * *

Kesho yake alimvalisha Packie koti, akampakia kwenye gari, wakaenda mjini. Alimnunulia aiskrimu, akamwacha amekaa kitini mlango umefungwa, gari liko mbele kabisa ya kioo cha duka ili amwone.

Binti wa duka la simu alikuwa na kucha ndefu za zambarau, na ramani yake pia ilikuwa ya zambarau. Aliigeuza skrini Nuala aone.

"Kwenu panaonyesha zambarau tupu, mama. Zambarau ni nzuri sana. Ndiyo bora kuliko zote."

"Hiyo zambarau inaingia mpaka ndani ya nyumba, au inaishia kwenye ramani?"

"Inategemea na kuta."

"Kuta za mawe. Babu alizijenga."

"Aa," alisema binti, kama mtu aliyeambiwa kuna ugonjwa kwenye ukoo. "Sasa, ikitokea shida, unajaribu kuzima na kuwasha."

"Bado sijakinunua, unaniambia nizime?"

Binti akacheka kwa adabu. Mkataba ulikuwa wa mwaka na nusu, Nuala akakataa. Kilikuwepo cha kulipia kabla, kidude na bando lake, bei imechangamka. Alitoa kadi ya benki. Mashine ikalia vibaya.

"Imekataa," binti alisema, si kwa sauti kubwa, lakini duka lilikuwa dogo. "Tujaribu tena?"

Wakajaribu tena. Nyuma ya Nuala kwenye foleni alisimama Bi. Concepta Duignan, yule anayesoma masomo kanisani kila Jumapili, na sauti yake haijui kunong'ona.

"Nikuongezee, Nuala? Chukua tu, usione haya. Sote tuna wazee."

Afadhali angempiga kofi. Nuala alisema asante, hapana, anayo, akafungua pochi na kutoa bahasha ya pesa za mafuta ya kupashia nyumba joto, akahesabu noti mbele ya Bi. Concepta aliyekuwa akihesabu naye kwa macho. Nje, Packie alikuwa amemaliza aiskrimu na sasa anampungia mkono kila mpita njia, kwa heshima zote, kama Baba Mtakatifu.

* * *

Kidude kipya kilipofika jikoni kikaonyesha mstari mmoja wa mtandao. Baadaye hata huo ukaondoka.

Jarlath Reilly aliona taa ya uani imewashwa mchana, akaja kuuliza kuna nini. Ni jirani yao, mfugaji, mgane, mtu anayeongea polepole na ng'ombe na haraka na binadamu. Aliposikia habari alirudi kwake, akaja na mifai yake, ya kampuni nyingine ya huku.

"Hii inakamata vizuri chumbani kwangu."

"Tujaribu laini yako kwenye kidude changu?" Nuala aliuliza.

"Kimefungwa."

"Tujaribu laini yangu kwenye kidude chako?"

"Kimefungwa pia."

"Jamani! Kuna kitu nchi hii kisichofungwa?"

"Lango la ng'ombe wangu," alisema Jarlath. "Niliwakuta barabarani juzi."

Ikabidi wacheke. Wakatoka, kila mmoja kainua kidude chake juu, wakaizunguka nyumba kama mapadri wanaobariki makaburi. Packie akafuata nyuma, mikono mgongoni. Kwenye choo cha zamani, hakuna. Kwenye tangi la samadi, mstari mmoja na harufu. Kidude cha Jarlath kikazima kabisa. Alikirudisha mfukoni kwa aibu kana kwamba ni mtoto wake aliyefeli. Nuala akapanda ngazi ya banda la nyasi, lile lililoshikana na jikoni, akakiweka chake kwenye kidirisha cha juu. Mistari mitatu.

"Usipumue!" alipiga kelele. "Mitatu!"

Kikakaa hivyo kidogo, kisha kikaandika jina la kampuni ya ng'ambo na kufunga mtandao. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: laini ya huku, kidude cha huku, pesa za mafuta, na bado kikiuona mnara wa Kaskazini kinauhamia chenyewe, na kwa kuwa bando lake haliruhusu ng'ambo, kikihamia tu kinajifunga. Nuala alikizima na kukiwasha. Mistari mitatu. Dakika chache, ng'ambo. Akazima, akawasha. Ng'ambo. Alikaa kwenye ngazi akalia kwa hasira, machozi yale ya kufuta kwa kiganja haraka kabla hayajaonekana.

"Hakitaki kutazama kule," alisema Jarlath kutoka chini. "Ni kama farasi. Kinaona kitu upande kinashtuka. Kifunike jicho."

Akavuta bati moja kutoka kwenye rundo la mabati ya zamani, akalisimamisha nje, upande wa ziwa, kati ya kidirisha na mnara wa ng'ambo. Akalisimika juu ya ukuta wa tangi la samadi, mahali ambapo mtu mzima akipanda ukuta ule angeweza kulishika kwa mikono miwili. Mistari mitatu. Ikawa minne. Walisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Haikuhama.

Ndipo Packie alipomkaribia Jarlath, akamshika mkono wa koti. Macho yake yalikuwa ya mtu mjanja, mdogo kwa miaka hamsini.

"Afande," alisema, "hatuna siagi hapa. Upekue utakavyo."

Enzi zake Packie alikuwa hodari wa magendo. Siagi, nguruwe, hata redio, alivusha kwenye ziwa hili akiwatoroka watu wa forodha wa pande zote mbili. Kila mtu anajua, hata waliokuwa forodhani walijua. Jarlath akamwinamia.

"Sijaja kukukamata, mzee. Sasa hivi mimi na wewe tuko upande mmoja. Tunazuia vya kule visije huku."

"Tunazuia?" Packie alishangaa. "Sisi?"

"Dunia imebadilika."

"Hilo bati, Baba," Nuala alisema akishuka ngazi, uso umelowa na anatabasamu, "hilo bati likianguka tumekwisha. Umesikia? Usiliguse."

"Likianguka tumekwisha," Packie alirudia, akalitazama lile bati kwa heshima. Jarlath alilifunga kwa kamba za kufungia marobota ya nyasi, mafundo juu ya mafundo.

* * *

Jumapili Fintan alipiga simu. Ni mkubwa kwa Nuala, mwalimu Dublin, si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba huwa sahihi kwa sauti ya juu.

"Chumba kimepatikana. Kina dirisha la bustani. Wanataka jibu Jumatatu."

"Jumatatu kila mtu anataka jibu."

"Nuala, tusidanganyane. Mwaka jana mimi ndiye niliyemkuta barabarani na soksi, kwenye barafu."

"Mimi nilikuwa kwa daktari wa meno! Mara moja, Fintan, na utaniimbia mpaka kaburini. Mimi niko naye kutwa. Kutwa kucha!"

"Uko naye, au uko na simu?"

Nuala akafuta meza iliyokuwa tayari safi.

"Nakuja kesho jioni," Fintan alisema taratibu. "Nikikuta mambo sawa, nawaambia wampe mtu mwingine hicho chumba. Naapa. Nikikuta si sawa, utanisikiliza."

"Njoo," alisema Nuala. "Njoo, utakuta sawa."

* * *

Jumatatu ilikuja na upepo. Si dhoruba, upepo wetu wa kawaida wa mwezi wa kumi na moja, wenye mvua ya kulala upande. Nuala aliwasha kompyuta, akavaa visikizio, akaangalia taa za mtandao kwenye skrini, kidude chenyewe kikiwa juu bandani. Kijani. Mstari mmoja baada ya mwingine, minne. Aliishika rozari ya marehemu mama yake kwenye mkono wa kushoto na kipanya kwenye wa kulia.

Jarlath alikuwa ameahidi kukaa na mzee. Waliwekwa chumbani mbele ya televisheni, mashindano ya farasi, chai kwenye chupa, mkate na nyama ya nguruwe kwenye sahani.

Simu zikaanza. Bwana wa Kerry mwenye nyonga. Mama wa Sligo aliyesahau kilichomfanya apige. Binti aliyelia. Nuala aliwajibu wote kwa sauti ya upole, jicho moja kwenye ile taa. Orla alikuwa akisikiliza kimyakimya. Aliona jina lake kwenye kona ya skrini.

Karibu na saa sita Jarlath alichungulia jikoni, kofia mkononi. "Ng'ombe wangu anazaa, ndama amekaa vibaya," alinong'ona. "Nakimbia mara moja. Mzee katulia. Sawa?"

Nuala alikuwa katikati ya kusoma namba ya mgonjwa. Aliinua kiganja, maana yake, ngoja, usiniongeleshe. Jarlath akaelewa, sawa, nenda. Akaenda.

Muda mfupi baadaye upepo ulikata kamba ya kwanza. Nuala alisikia bati likigonga, likagonga tena, likalia kama ngoma. Taa ikawa ya njano. Sauti ya mgonjwa masikioni mwake ikaanza kukatika vipande vipande, kisha ikapotea kabisa. "Halo? Halo, mama?" Hiyo ya kwanza. Ile bahati mbaya. Alitaka kuinuka, lakini skrini ilikwisha kurudi na simu nyingine inaita, na jina la Orla liko palepale kwenye kona. Akiinuka, kaachia simu. Akikaa, bati linaanguka. Alikaa. Mungu wangu, Mungu wangu, alisema moyoni, na mdomoni akasema, "Habari za mchana, unaongea na Nuala."

Taa ya njano ikacheza. Bati likagonga mara ya mwisho, likanyamaza.

Taa ikarudi kijani.

Haikubadilika tena. Saa nane, kijani. Saa tisa, mvua inapiga dirisha kama kokoto, kijani. Nuala alijisemea kwamba fundo moja la Jarlath limeshika, akaliombea baraka fundo lile. Chumbani televisheni ilikuwa ikitangaza farasi. Hakwenda kuchungulia. Kati ya simu na simu zilikuwepo sekunde za kumeza mate tu, na mlango ulikuwa mbali kidogo, na alisikia watangazaji wakipiga kelele, akadhani wanaume wawili wanafurahi.

Saa kumi na moja kamili maandishi yakatokea kwenye skrini, ya Orla. *Umepita. Hongera, Nuala. Mara moja tu, tunasamehe.* Nuala alivua visikizio. Masikio yalimwuma, na alikuwa anacheka peke yake.

"Baba!" aliita. "Jarlath! Tumepita!"

Farasi walikuwa wanakimbia kwenye chumba kisicho na mtu. Mkate ulikuwa haujaguswa.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Alikuwa Fintan, amelowa, koti lake zuri la Dublin hana, amemfunika nalo Packie, na Packie mwenyewe amembeba nusu nusu. Midomo ya mzee ilikuwa ya buluu. Mikono yake ilikuwa imejikunja mbele ya kifua, imekataa kufunguka, na vidole vilikuwa na damu pale ukingo wa bati ulipokata.

"Alikuwa juu ya ukuta wa samadi," Fintan alisema. Hakupaza sauti. "Amelishika bati. Hakutaka kuliachia, Nuala. Nimemng'oa."

Nuala akakimbilia blanketi la kitini.

Packie alimtafuta kwa macho mpaka akampata. Meno yalimgongana, lakini alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyefanya kazi yake.

"Hawajapita," alimwambia. "Hata mmoja hajapita."

* * *

Ikawa homa ya mapafu. Hospitali walimpigania, wakamponya kiasi cha kuponyeka kwa mzee wa umri ule. Siku ya kumtoa, mama mmoja wa ustawi wa jamii, mpole kabisa, aliwakalisha Nuala na Fintan kwenye viti vya plastiki.

"Mchana nani atakuwa naye?"

"Mimi," alisema Nuala. "Nafanyia kazi nyumbani. Niko naye nyumba moja."

"Na akitoka nje, unaweza kuacha simu ukamfuata?"

Nuala alimtazama Fintan, akitegemea atasema lile lake la soksi na barafu, angalau wapigane. Fintan alikuwa anatazama sakafu. Hakusema neno, na hilo lilimwuma kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Jarlath alilipigilia lile bati kwa misumari na mbao nene, kazi ya siku nzima, hakutaka chai wala malipo. Hajawahi kuzungumzia kile kiganja, wala yule ndama aliyemchelewesha mpaka jioni, na Nuala pia hajamwuliza. Mtandao sasa haukatiki hata upepo uvume vipi. Orla alimwandikia kwamba katika timu nzima hakuna mwenye laini safi kama yeye.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili simu iliingia kama zinavyoingia zote.

"Habari za asubuhi, unaongea na Nuala. Nikusaidie nini?"

"Habari yako mpenzi. Nataka miadi ya picha ya kifua kwa mzee wetu mmoja." Ilikuwa sauti ya nesi, mchangamfu, nyuma yake sahani zinagongana. "Patrick McGovern. Sisi tunamwita Packie. Kikohozi hakimwachi, na hataki kukaa kitandani. Anashinda amesimama dirishani kashika pazia kwa mikono miwili. Ukimwambia akae, anasema zamu yake haijaisha."

Nuala alitazama dirishani, kwenye ziwa.

"Halo? Mpenzi? Mtandao umekatika?"

Aliangalia taa. Zote kijani.

"Haujakatika," alisema. "Nakusikia vizuri. Nipo."

"Basi andika, tusipoteze muda."

Jina lilikuwa tayari kwenye mashine, na chini yake anwani ya zamani, Drumkeel. Kwa utaratibu wa kazi ilimpasa kuuliza, na Orla huwa anasikiliza.

"Mgonjwa anaishi wapi kwa sasa?" Nuala aliuliza.

Nesi akamtajia ile nyumba ya wazee. Nuala akafuta Drumkeel, herufi baada ya herufi, akaandika alivyoambiwa.